Goti Langu kwenye Tovuti ya Vitanda

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya wakati wa chai. Mamake shemeji anakuja Jumapili kukaa, na chumba cha kumweka ni kimoja tu: changu. Dada alinitazama kwa huruma. Shemeji alitazama kikombe chake, akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikamwambia nina mwezi wa nane humu ndani na jembe sijaliona. Hakucheka.

Saa nne akanipa jembe lenyewe. Duka lake la vitanda na makochi lina tovuti, na tovuti imeugua. Kwenye kompyuta ya ofisini, kila palipokuwa na picha sasa pana kisanduku cheupe chenye alama ya karatasi iliyochanika. Maneno yapo, picha hamna. Akasema nikizirudisha kabla ya Jumapili, mama atalala na wajukuu na mimi nitabaki chumbani. Nikishindwa, nijue pa kwenda. Sina pa kwenda. Nikamwambia kompyuta nilianza kujifunza zamani sana, na ni kweli. Kumaliza ndiyo bado.

Msasa, fundi wetu wa vanishi, alikuwa mlangoni akisikiliza. Akakohoa. Wivu huo.

Jumanne, 4 Machi

Matibabu yameanza. Nimefuta kioo kwa kitambaa kibichi. Nimezima, nikahesabu mpaka mia, nikawasha. Nimepuliza matundu ya nyuma, vumbi la mbao likanirudia machoni. Visanduku palepale.

Nikasoma ushauri mtandaoni. Wanasema ufute kumbukumbu za kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, maana hujaa takataka. Nimefuta zote. Kila kiliponiuliza kama nina uhakika, nilikubali kabla sijamaliza kusoma. Picha hazikurudi, ila nywila zote za shemeji zimeondoka, ya barua pepe na ya lile jukwaa anakobishana na watu kuhusu mpira. Ya tovuti ya duka imepona kwa sababu imeandikwa ukutani kwa penseli.

Shemeji alinijia amenuna. Nikamweleza kwamba mgonjwa hutapika kabla ya kupona. Akasema kutapika ameshakuona, sasa anangoja kupona.

Msasa naye akachungulia na simu yake mkononi, akadai kwake picha zote zinaonekana vizuri tu. Nikamwambia simu yake ni ndogo, haiwezi kuonyesha tatizo kubwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Anakitaka kiti cha ofisini, namjua.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua chanzo! Picha zimeoza. Zina miaka minne, nani asingeoza? Nimezifuta zote tisa, nikaanza kuweka nyingine kutoka kwenye simu yangu, za majaribio tu, nione kama kompyuta itakubali picha mbichi.

Kwenye "Kitanda cha Wawili" nikaweka shemeji amelala mdomo wazi, ndevu zimelowa mate. Nilimpiga picha siku ya mapumziko nikaihifadhi, kwa kuwa huwezi kujua. Haikuonekana. Kwenye "Meza ya Sebuleni" nikaweka goti langu lenye jipu, ile picha niliyotaka kumwonyesha daktari. Haikuonekana. Kwenye "Kochi la Watatu" nikaweka picha yangu ya pasipoti mara tatu, kila mtu na nafasi yake. Wapi! Paka wa jirani, dole gumba langu, dole gumba tena, dari. Jumla tisa. Nikabonyeza "hifadhi" kwa nguvu zote.

Visanduku vyeupe tisa. Nimevunjika moyo, sifichi. Nikaviacha hivyo hivyo, nikaenda kula.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya ajabu. Asubuhi kaingia mwalimu mstaafu, akaomba kuona kile kitanda chenye mzee aliyelala. Shemeji akamjibu kwamba vitanda vyetu huuzwa vitupu. Mwalimu akamtazama usoni kwa muda, kisha akamwomba, kama hatajali, afumbe macho na kufungua mdomo kidogo. Shemeji ni mtu wa adabu kwa wateja. Akafumba, akafungua. Mwalimu akasema ndiye hasa, akaondoka akiahidi kurudi na wenzake.

Mchana mama mmoja akauliza kama ile meza imeshapona. Shemeji akamhakikishia imepigwa vanishi mara mbili. Yule mama akasema angeipeleka kwa daktari kwanza.

Shemeji ana simu ya vitufe na haziamini nyingine, hivyo tovuti huiona kwenye kompyuta ya ofisini tu. Akanyoa ndevu saa tisa, akidhani ndizo zinazochekwa. Mimi nimeshaelewa. Ni Msasa anawatuma watu hawa ili anivuruge. Nimemwambia usoni. Akanijibu taratibu kwamba goti langu linahitaji dawa. Amelionaje, nami nimevaa suruali?

Ijumaa, 7 Machi

Dada kaja dukani na sare yake ya mapokezi ya hospitali. Kazini wameicheka picha tangu asubuhi. Akamkabidhi shemeji simu yake.

Shemeji alitazama. Dada akamfundisha kuikuza kwa vidole viwili, akaikuza mpaka akayaona mate. Akaniuliza hii ni nini, kwa sauti ya chini. Ile ya chini ndiyo mbaya. Nikasema haiwezekani, nikawapeleka kwenye kompyuta kuwaonyesha ushahidi: visanduku tisa, vyeupe pe. Msasa akaomba nafasi, akaingia kwenye mipangilio ya kivinjari, akakuta mstari umeandikwa "Onyesha picha". Umezimwa. Akauwasha. Zikaja zote tisa kwa mpigo, na goti langu limejaa kioo kizima.

Hapo nikakumbuka. Mwezi uliopita bando la ofisi lilikuwa linaisha na mimi nilikuwa na mechi ya kutazama, nikazima picha ili lifike dakika ya tisini. Nikawaambia vitu hivi wakati mwingine hujizima.

Shemeji akasema nikafungashe leo leo. Nikamtazama dada, dada akatazama makochi. Imeniuma mno. Ndugu wa tumbo moja!

Sijafika mlangoni, mwalimu akaingia na wastaafu wenzake wanne. Akasema tangu waache kazi hawajalala vizuri hata mmoja wao, na usingizi wa picha ile hauigizwi. Wanavitaka vitanda, ila kwanza wamwone mtu akilala kwa macho yao. Shemeji akajilaza, akahangaika, akashindwa. Hawezi kulala akitazamwa. Msasa akasema hapa dukani yupo mtu ambaye usingizi ndiyo fani yake.

Wote wakanigeukia. Nikapanda. Usingizi wa pono! Nilipoamka wastaafu walikuwa wameshaagiza na kuondoka, na shemeji alikuwa akinifunika shuka.

Jumapili, 9 Machi

Mama amefika na masanduku matatu, amechukua chumba. Kumbe picha aliiona kwa shangazi yake shemeji. Amelia, akasema hajamwona mwanawe amepumzika hivyo tangu alipomwachisha ziwa, na isiondolewe popote. Shemeji hawezi kumpinga mamake. Inabaki.

Nami nimepewa kazi. Nalala dirishani mwa duka, kwenye Kitanda cha Wawili, mchana kwa ajili ya wateja na usiku kwa ajili yangu. Ni kikubwa kuliko cha chumbani. Wanafunzi wanagonga kioo, nawapungia kwa mguu. Sharti ni moja: nisiguse kompyuta. Nimeapa.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa. Mtu amepiga simu, amekiona kitanda hiki tovutini, anakuja kesho kukichukua hiki hiki. Kitakachowekwa dirishani baada yake ni cha mtoto, chenye vizuizi pande zote. Nimejipima. Naingia mpaka kiunoni.

Shemeji amempeleka mama sokoni. Msasa ana vanishi mpaka viwikoni. Nikaketi kwenye kompyuta dakika moja tu, kwa jambo dogo: kuandika IMEUZWA kwenye kitanda changu ili yule mtu akate tamaa. Nikabonyeza "hifadhi". Ukurasa haukubadilika, juu umeandikwa "nakala ya jana", maneno ambayo sikuyajali. Nikarudia. Vilevile. Huenda ni kitanda hiki tu kinachokataa, nikajaribu kwenye kochi, meza, kabati, vitu vyote vya dukani. Hakuna kilichobadilika. Mwisho nikapanda juu kabisa, penye jina la duka, nikaandika TUMEHAMA. Hata hiyo haikutokea.

Basi nimerudi kitandani kuwaza mbinu nyingine. Hasara haipo. Kama mimi niliyekaa mbele ya kompyuta sikuona kitu, nani mwingine ataona?