Amina Kutoka Ndani ya Pipa

Jamani, leo nimeaibika. Sogezeni vikombe (chai yenyewe haina sukari, hamkosi kitu) niwaeleze kabla hamjasikia kwa dereva wa hospitali.

Asubuhi daktari kaniita. Dawa ya kuonyesha mishipa ya kichwa kwenye eksirei imebaki ya mtu mmoja tu. "Nenda mtaa wa Namuwongo, umlete Mzee Okello. Na ujaze fomu ya utafiti: moshi, chumvi, chochote kilichomzunguka kabla ya kiharusi." Mzee huyo mkono wa kulia umekufa. Bila picha ya leo, daktari hajui aanzie wapi kumtibu.

Sasa, macho yangu mnayaona, mekundu wiki nzima. Nikaazima miwani nyeusi ya shemeji. Na shati lake la maua nikavaa. (Nikajiona kijana! Mjinga mimi.) Nikafika kwa mzee, kalamu mkononi: "Hodi! Namtafuta Mzee Okello. Nani wanalala humu?"

Mnawajua watu wa serikali wanaovaa hivyo mjini hapa, na wanaochukuliwa nao hawarudi. Mimi peke yangu nilisahau!

Mkewe akapiga magoti. "Afande, mzee alisha kufa. Zamani sana."

Akaangua kilio. Majirani wakaingia, nao wakalia. Nami nikaamini! (Juzi tu nilimpima presha kwa mikono hii. Akili ilikuwa wapi?) Machozi yakanitoka kweli. Nikainamisha kichwa: "Mungu amlaze mahali pema."

"Amina," likajibu pipa la pombe ya waragi pale pembeni.

Kilio kikakatika. Kumbe walikuwa wameniona tangu relini, wakamficha mzee humo. Mama Okello akanishika miguu. "Usimuchukue, afande. Chukua mimi." Ndipo nikavua miwani nifute machozi. Akanikazia macho. "Eh! Si wewe karani wa presha?" Kofi alilonipiga bado linawaka.

Tukamtoa mzee pipani, tukamleta hospitali. Nikampima presha. Loo! Zebaki ya kipimo ilipanda nikadhani itamwagika. Daktari akakataa. "Kwa presha hii, leo hachomwi sindano ya picha. Nani kamtisha?" Nikaangalia viatu vyangu. Dawa akapewa mgonjwa mwingine, na ya kufuata hakuna ajuaye itafika lini. Mzee akanipa mkono wake mzima, ati nisijali. Hapo ndipo niliumia.

Nikabaki na fomu. "Mama, kabla mkono haujafa, nyumbani kulikuwa na nini? Moshi?"

"Moshi ni ya siku zote. Siku ile watu walikuja kuchukua mutoto wetu. Jioni, mukono ikakufa."

"Watu gani, Mama?"

Akanyoosha kidole kwenye mfuko wa shati langu, miwani ilipochungulia.

"Andika hiyo."

Nikaandika, chini ya moshi na chumvi. Daktari akasoma, akasoma tena, akaichana fomu vipande vipande, akavitia mfukoni mwake.

Haya, chekeni. Lakini chinichini, jamani. Dirisha liko wazi.