Ombi la Kupunguziwa Mlima

Karakana ya Fahad, Ramani za Injini,
Rau, Moshi.
Ijumaa asubuhi.

Mwenyekiti wa Kijiji,
Kimasaro Juu.

Kwako Mama Elinipendo, kiongozi wa watu waishio juu,

YAH: KUSHUSHWA KWA MWINUKO KATI YA DARAJA NA KANISA

Shikamoo Mama. Natumaini wewe na ng'ombe wako hamjambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila heshima yangu ni mgonjwa, na aliyeiambukiza ni mlima wako.

Kama unavyojua, kikundi cha maziwa cha kijiji chako kilinikabidhi pikapu yake, ile inayoshusha maziwa mjini na kupandisha majani ya mpunga kutoka Chekereni kwa ajili ya ng'ombe wenu. Niliifungia turbo kubwa zaidi, yaani ile feni inayoisukumia injini hewa, kisha nikaiandikia ramani mpya. Kwa faida ya wale wa kwenu wanaodhani ramani ni ile ya ukutani shuleni, nieleze: ramani ya injini ni maagizo ndani ya kompyuta ya gari, yanayoiambia injini imwage mafuta kiasi gani kwa hewa kiasi gani. Ukibadilisha turbo, hewa inabadilika, na ramani ya zamani haifai tena. Kazi hii kwa Moshi nzima naifanya mimi. Wengine wana spana.

Sasa nasikia Jumapili baada ya ibada kikundi kitakaa kuamua turbo yangu ing'olewe, irudishwe ile kuukuu, na kazi apewe Fundi Sirili. Ikitoka turbo hiyo, hakuna atakayeniletea gari tena, maana katika mji huu habari mbaya haihitaji turbo. Ndiyo sababu naandika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlima. Jumanne niliijaribu pikapu Chekereni, kompyuta yangu ikiwa mapajani, kwenye ile barabara iliyonyooka kati ya majaruba ya mpunga. Ilipaa. Ndege waliokuwa wanakula mpunga waliondoka bila kufukuzwa, na mwenye shamba akanishukuru. Jumatano pikapu ileile, turbo ileile, ramani ileile, ikafika darajani kwenu ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi. Akina mama waliokuwa wanapanda kwa miguu waliipita, mmoja akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Sasa tufikiri kama watu wazima. Kilichobadilika ni nini? Si ramani. Kilichobadilika ni ardhi. Kwa hiyo kosa ni la ardhi.

2. Hewa yenu. Ni nyepesi mno. Inajulikana kwamba huko juu hewa hupungua, lakini hata hiyo mliyobakiziwa hamuitunzi. Nimeshuhudia kwa macho yangu vijana kumi na wawili wa tarumbeta za kanisa wakifanya mazoezi pale kwenye kona kali, mahali hasa ambapo injini inahitaji hewa, wakiivuta yote na kuipuliza kwenye mabomba ya shaba. Turbo yangu nayo inafanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe inapandisha chakula cha ng'ombe. Naomba mazoezi yahamie bondeni, au wapige ngoma.

3. Mzee Eliona, dereva. Namheshimu, ni sawa na babu yangu. Lakini turbo inataka mwendo usiokatika, na Mzee Eliona anasimama kumsalimia kila mtu, na kila mtu wa kwenu ana ng'ombe anayepaswa kuulizwa hali yake. Kutoka Rau hadi kanisani ilimchukua saa mbili na nusu. Naomba kijiji kipige marufuku salamu kwa wanaopanda. Wanaoshuka waendelee.

4. Fundi Sirili. Hapa nitajizuia. Huyu bwana hana kompyuta, ana sikio. Nimesimuliwa kwamba aliliinamisha juu ya boneti, akafumba macho, kisha akawatangazia watu waliokusanyika kwamba injini hii haijaambiwa. Eti haijaambiwa kwamba imebadilishiwa turbo, kwa hiyo inaendelea na maisha yake ya zamani. Watu wakatikisa vichwa kama wamesikia mahubiri. Mama, mimi mambo haya nimeyasoma hadi macho yakauma, halafu leo naletewa habari za injini kuambiwa, kana kwamba ni mchumba anayesubiri mshenga. Walicheka, na mmoja akasema kazi yangu ina moshi kuliko Moshi yenyewe. Niliumia. Nasema wazi, niliumia.

5. Kwa sababu hizo nne, naomba mlima ushushwe. Sisemi wote, najua una wageni wake wanaoupanda kwa hiari, na wanaleta riziki. Naomba kipande cha kutoka darajani hadi kanisani tu. Udongo utakaotoka upelekwe Chekereni, ambako hawana hata kichuguu cha kujivunia. Ikishindikana, kanisa lishuke hadi darajani. Ikishindikana hilo pia, ng'ombe wahamie Chekereni yaliko majani. Hapo nakiri kwamba pikapu yenyewe haitahitajika tena, lakini ramani yangu itabaki bila dosari, na hilo ndilo tunalolitafuta sote.

Na tafadhali nisijibiwe kwamba mlima huo ulikuwepo tangu zamani. Kuwepo tangu zamani si hoja. Hata Fundi Sirili yupo tangu zamani.

Nawasalimu wote: Mzee Eliona shikamoo yake, akina mama wa maziwa, yule wa mkungu wa ndizi aliyeipita kazi yangu, na hata wapiga tarumbeta, mradi wasiitikie kwa kupuliza. Fundi Sirili mpe salamu za kumtosha.

Ni mimi, mwenye ramani isiyokosea,
Fahad Nurdin,
Fundi Ramani.

Nakala: Mchungaji, isomwe kwenye matangazo ya Jumapili, polepole na kwa sauti.
Kiambatisho: Ramani ya injini, kama ushahidi.

Baada ya kuandika:

Mama, nilipofungua kompyuta ili niichape ramani hiyo niiambatanishe, nilikuta alama ndogo nyekundu. Ramani mpya haijahifadhiwa kwenye gari. Kule Chekereni injini ilikuwa inaisoma kutoka mapajani mwangu. Nilipozima gari na kuchomoa waya wa kompyuta bila kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, ikarudia ile ya zamani. Tangu Jumatano imepanda kwenu na turbo mpya na maagizo ya turbo kuukuu. Kwa maneno mengine, haijaambiwa.

Kitufe ni kimoja tu, nakuja kukibonyeza. Nimechuma pia jani la isale kwenye uzio wa jirani yangu, nimkabidhi Fundi Sirili kwa mikono miwili, kwa kuwa nimeambiwa kwenu msamaha hauombwi bila jani hilo.

Shida ni nakala ya Mchungaji. Mzee Eliona alipita hapa saa nzima iliyopita, akaitia mfukoni mwa koti, akaondoka na shehena ya majani. Simu hapokei akiwa anaendesha; anasema mikono aliyopewa ni miwili. Nakutumia barua hii yote kwa picha za simu ili ujue kilichomo, nami napanda bodaboda sasa hivi kumfuata. Lile ombi la salamu nalifuta. Waambie watu wa njiani wamsimamishe wote, wamuulize na hali ya ng'ombe mmoja mmoja. Na mlima usiguswe. Kama kuna uwezekano, uongezwe kidogo, mpaka nimkute.