Mke wa Kocha na Nusu ya Uwanja

Jumamosi, 22 Novemba 1924

Tumefungwa tena! Mara ya nne msimu huu, na mpira wenyewe ule wa Kimarekani, wa kukimbia umeukumbatia. Lowell wangu alisimama pembeni mwa uwanja kofia imelowa mvua, mzuri kama picha. Wiki saba tangu tuoane na moyo bado unaniruka akivua viatu tu. Wanafunzi jukwaani wakampigia kelele: "Kocha, fungate imekwisha!" Wivu.

Jioni akanishika mkono, akanieleza. Mkuu wa chuo ametamka kwamba tukifungwa na chuo cha Marlow Alhamisi, Sikukuu ya Shukrani, atatafutwa kocha mwingine. Na nyumba hii ni ya chuo. Mapazia ya njano nimeyashona mwenyewe! Nimemwambia asihofu, aniachie mimi. Akakohoa.

Jumatatu, 24 Novemba

Nguvu ndiyo inayowapungukia. Nimewaokea vijana pai sita za maboga, nikazipeleka mazoezini. Gunther Voss, mlinzi wetu mwenye mwili kama kabati, alikula nne peke yake. Hodari! Kisha akalala chini ya goli, uso umegeuka kijani, na mazoezi yakaishia hapo. Lowell ameniomba kwa upole, kipenzi, pai zibaki nyumbani. Jinsi anavyolitamka hilo "kipenzi"! Yaliyofuata sikuyasikia.

Bi. Gaines, mke wa mkuu wa chuo, alipita akaniambia hata mke wa kocha wa kabla yetu, yule aliyefukuzwa, alijua kuoka. Nyoka!

Jumanne, 25 Novemba

Lowell hakugusa chakula. Anayemnyima raha ni Skelly wa Marlow. Akishaukumbatia mpira hashikiki, anakimbia kama mwizi wa kuku. Nikauliza, je, kwenye tope? Akasema kwenye tope hata Skelly ni ng'ombe tu. Akanibusu kwenye paji la uso, akarudi kwenye michoro yake.

Tope! Mungu wangu, nina akili!

Jumatano, 26 Novemba

Tayari! Saa tisa alasiri wote walikuwa mjini kwenye maandamano ya kuishangilia timu. Mimi nikavuta bomba la mpira kutoka banda la mtunza uwanja, nikamwaga maji saa nzima, nusu ya kaskazini peke yake. Timu yetu huanza kwa kulinda kaskazini, kwa hiyo Skelly atakimbilia huko huko. Kusini nimewaachia vijana wetu pakavu, pasafi. Vidole vimekufa ganzi. Lowell amevipuliza hadi vikapata joto, wala hakuuliza nilikuwa wapi. Ndoa ni tamu!

Alhamisi, 27 Novemba. Sikukuu ya Shukrani

Usiku baridi ilikuwa kali. Asubuhi hakuna tope. Barafu!

Vema zaidi. Skelly alipokea mpira, akachomoka, miguu ikapaa, akateleza hadi kwenye ngoma kubwa ya bendi. Nilipiga vigelegele. Robo ya kwanza ya mchezo ikaisha, kipenga kikalia, na timu zikabadilishana pande! Eti kila robo hubadilishana! Msimu mzima nimekaa jukwaani nikimtazama Lowell, nani angeona mengine? Sasa vijana wetu ndio wakawa wanaanguka kama sahani. Jukwaani wakazomea: "Kocha, tuwaletee mito?" Lowell akawa mweupe kama karatasi. Nikalia ndani ya skafu. Kwaheri mapazia!

Robo ya mwisho, sifuri kwa sifuri, nasi tena tunashambulia barafu. Mpira ukamponyoka mkimbiaji wetu, ukaanza kuteleza. Voss akajitupa juu yake kwa tumbo, naye akaanza kuteleza! Vijana wawili wa Marlow wakamrukia mgongoni. Wakateleza pamoja, watatu kwa safari moja, hadi ng'ambo ya mstari wa goli, na mpira ukivushwa hapo umehesabiwa. Alama sita! Tumeshinda!

Bi. Gaines alinikumbatia akiniita mwanangu. Lowell akanibusu mbele ya mchungaji.

Ijumaa, 28 Novemba

Mtunza uwanja ameleta glavu yangu ya rangi ya waridi, imegandiana na bomba lake. Lowell aliitazama glavu, akanitazama mimi. Akasema huo ni udanganyifu, ushindi au si ushindi, na papo hapo akampigia simu kocha wa Marlow kukiri. Mwanamume huyu!

Kocha yule alicheka hadi nikamsikia kutoka jikoni. Alisema timu zote mbili zimeanguka sawasawa, matokeo yabaki, ila mke huyo afungiwe kabatini. Mkuu wa chuo naye amemwongezea Lowell mkataba wa mwaka mmoja. Nyumba yetu!

Nimeapa, mkono juu ya Biblia, sitamwagilia nyasi tena maisha yangu yote. Lowell akikasirika nyusi zake hukutana katikati, mpenzi wangu masikini.

Januari unaanza mpira wa kikapu, na timu hiyo pia ni yake. Huchezwa ndani, kwenye sakafu ya mbao. Hakuna hata jani moja la nyasi! Nimeanza kukusanya mishumaa. Nta ikipakwa vizuri hakuna atakayesimama wima.

Nitapaka nusu moja tu, ile ya wageni.