Sufuria ya Dona Zulmira na Waraka Namba Kumi na Nne

Idara ya Urithi, Utalii na Adabu za Mezani ya Manispaa ya Ribeirão Manso iliutangazia umma, kwa furaha kubwa na kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la kuuza gesi, kwamba kuanzia Jumapili ya pili ya Agosti wananchi wataruhusiwa kufurahia mlo wa familia ndani ya treni ya mvuke.

Wapo waliosema kwamba wananchi walikuwa wakiufurahia mlo huo miaka yote bila kuruhusiwa na mtu. Ni kweli. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Mimi naitwa Astolfo Quintela, na wakati huo nilikuwa Naibu Mratibu wa Pili wa Mlo. Mratibu alikuwa likizo ya kudumu na Naibu wa Kwanza hakuwahi kuteuliwa, kwa hiyo mlo wote ulikuwa mabegani mwangu. Waraka Namba Kumi na Nne niliuandika mwenyewe, na sioni haya kusema ulikuwa waraka mzuri. Ulieleza familia ni nini: watu wasiopungua watatu na wasiozidi watano, wenye kufanana kiasi. Ulieleza furaha ni nini: kicheko cha sauti ya wastani, kwa muda usiopungua dakika nne. Na ulieleza chakula ni nini: sinia rasmi lenye kipande kimoja cha kuku, vijiko viwili vya wali, na jani. Chakula kutoka nyumbani kilipigwa marufuku, kwa sababu hakikuwa na cheti cha kuthibitisha kwamba ni cha kinyumbani.

Bosi wetu, Katibu wa Idara, alikuwa Evanildo Prates. Tulimwita Doutor, kama tunavyomwita kila mwenye tai. Siku hiyo alikuwa akimngojea mkaguzi kutoka Baraza la Urithi la Jimbo. Mkaguzi akiridhika, tungeingizwa kwenye Daftari la Urithi, na Doutor Evanildo angeitwa mji mkuu akawe mtu mkubwa zaidi ya alivyokuwa, jambo ambalo yeye hakuliona kuwa gumu.

"Astolfo," aliniambia asubuhi pale stesheni, "leo sitaki familia ya kweli karibu na mkaguzi. Familia za kweli hazitabiriki."

Ndiyo maana behewa la kwanza tuliweka familia iliyoandaliwa na ofisi. Baba alikuwa mhasibu wetu. Mama alikuwa dada wa mapokezi. Nafasi ya bibi ilikaimiwa na mlinzi wa geti, aliyevishwa shali na kukatazwa kuongea. Walikuwa wamefanya mazoezi mara tatu, na mara ya tatu mhasibu alicheka vizuri sana.

Saa tano kasorobo akatokea Dona Zulmira na sufuria yake.

Dona Zulmira, na dona kwetu ni mama wa heshima kama seu alivyo bwana, ni mjane wa Seu Belarmino, aliyeiendesha treni hiyohiyo miaka thelathini na mmoja. Kwetu Jumapili ya pili ya Agosti ni Siku ya Akina Baba, na Belarmino hakupewa mapumziko siku hiyo hata mwaka mmoja. Basi mkewe akawa anapika, anapanda treni na watoto, wanakula na baba yao injini inapojazwa maji. Belarmino akafariki, lakini chakula hakikuacha kupanda treni. Mwaka ule walikuja watu kumi na mmoja, akiwemo mwanawe mkubwa, Odair, aliyesafiri siku mbili kwa basi kutoka machimbo ya chuma huko kaskazini.

"Dona Zulmira, hiyo ni nini?" nikamuuliza.

"Sufuria."

"Na ndani?"

"Kuku, mwanangu. Na farofa. Au cheo kimekusahaulisha farofa?"

Sikuwa nimeisahau. Unga wa muhogo uliokaangwa kwa siagi, vitunguu, mayai na vipande vya soseji hausahauliki. Lakini kazi ni kazi.

"Kwa mujibu wa kifungu cha sita—"

"Astolfo. Mama yako alipolazwa hospitali, ni mimi niliyekuogesha, wewe na kaka yako, wiki tatu nzima. Usinisomee vifungu."

Nilimjibu kwa heshima kwamba kuogeshwa huko hakuna kumbukumbu yoyote ofisini.

Odair akasogea. "We Astolfo! Nimekaa kwenye basi siku mbili mpaka makalio yamekufa ganzi, halafu nile kipande cha kuku na jani?"

"Jani ni la hiari," nikamwambia.

Kwa vile walizidi idadi, niliwagawa kuwa familia mbili za watu watano watano, ikabaki salio la mtu mmoja.

"Salio ndiyo mimi?" Dona Zulmira akauliza.

"Kimahesabu tu, mama."

Nikaifunga sufuria kwa utepe, nikaugonga muhuri, nikaipa jina la Kielelezo Namba Moja. Nikaipakata, nikakaa nayo behewa la tatu, familia moja huku, ya pili kule, na salio peke yake dirishani. Sufuria ilikuwa bado ya moto. Iliniunguza mapaja, na harufu yake sitaieleza kwa sababu haikuwa katika majukumu yangu.

Treni ilipoanza kusogea, Dona Zulmira alisema bila kunitazama: "Mwakani Odair anawahamishia watoto kaskazini. Hii ndiyo Jumapili ya mwisho tuko wote. Nilitaka tule pamoja tu. Basi."

Nikampa fomu ya malalamiko, na kalamu juu yake. Halafu nikageukia dirisha, maana jicho lilikuwa limeingia moshi.

Behewa la kwanza, kama nilivyosimuliwa baadaye, mambo yalikwenda kwa mpangilio. Mkaguzi, Dona Hermínia Valadão, alikuwa mama mfupi mwenye kalamu iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Alisema kidogo na kuandika sana, na Doutor Evanildo alilichukulia hilo kama sifa. Ili kumpendeza zaidi, aliagiza filimbi ya treni ipigwe kila kona.

Dereva, Seu Jurandir, aliyefundishwa kazi na Belarmino, alitoa kichwa nje. "Doutor, filimbi hii inakula mvuke, na mvuke ndiyo maji yenyewe. Mbele kuna mwinuko!"

"Mvuke ni mali ya manispaa!" Doutor akamjibu. "Piga!"

Mpaka kwenye mwinuko njia yetu ina kona ishirini na tatu. Filimbi ikapigwa zote. Tulipofika katikati ya mwinuko, treni ikapunguza mwendo, ikahema, ikasimama. Katika taarifa yangu niliandika kwamba treni haikukwama. Ilikuwa katika hali ya kusubiri kusonga.

Saa moja ikapita. Masinia rasmi yalikuwa yakitungoja Vila Garça, mwisho wa njia, kwani waraka ulitaka yaliwe yakiwa ya moto. Ilipotimu saa nane familia ya ofisi ilianza kulegea. Mama alimgeukia baba mbele ya mkaguzi akamwambia, "Na ile likizo yangu uliyoikalia tangu Februari, unaiatamia itoe vifaranga?" Baba akasahau kucheka. Dona Hermínia alipomuuliza bibi ana wajukuu wangapi, bibi alivua shali, akawasha sigara, akajibu kwa sauti nzito: "Mpaka nimuulize Doutor."

Mkaguzi aliandika hilo, akasimama, akaanza kutembea kuelekea nyuma ya treni huku akinusa. Doutor akamfuata akisema maneno kama "changamoto" na "mchakato." Wakafika kwangu.

"Nini hicho?" mkaguzi akauliza.

"Kielelezo Namba Moja, mheshimiwa."

"Kinanukia."

"Ndiyo, mheshimiwa. Kimekuwa kikinukia tangu saa tano."

Tumbo la Doutor likanguruma behewa zima likasikia. "Astolfo," akasema, "kwa mamlaka niliyo nayo, fungua hiyo sufuria tumhudumie mkaguzi. Na mimi kidogo."

Hapo ndipo nilipotambua jinsi waraka wangu ulivyokuwa imara. Nilimsomea kifungu cha tisa: chakula kilichozuiliwa, endapo safari itachelewa, kitarudishwa kwa mwenye nacho, kiliwe na yeye, familia yake na wageni atakaowakaribisha, na kisiguswe na mtumishi yeyote wa Idara.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi, Doutor. Wewe uliusaini. Kila ukurasa."

Nikakata utepe, nikaisogeza sufuria kwa Dona Zulmira. Yeye hakuifungua. Aliweka mkono juu ya kifuniko, akamwambia mkaguzi, "Wewe mama ni mgeni wangu, kaa." Kisha akamtazama Doutor. "Huyu je?"

"Ni mtumishi," nikasema. "Labda awe mmoja wa familia."

"Nipe fomu nyingine," Dona Zulmira akasema.

Nilimpa. Alivaa miwani, akashika ile kalamu yangu.

"Jina?"

"Dona Zulmira, si unanijua!"

"Ofisi haitambui kujuana," nikasema. Ilinitoka yenyewe, kwa mazoea.

"Evanildo Prates," akasema Doutor.

"Nyumbani unaweza kufanya kazi gani?"

"Mimi ni Katibu wa Idara."

"Nimeuliza unaweza kufanya nini."

Doutor akaanza kuhesabu kwa vidole. Kabla hajafika kidole cha pili, Seu Jurandir akapanda behewani, uso mweusi kwa masizi. Maji yameshuka mno, akasema, hawezi kuchochea moto tangi likiwa hivyo. Kijito kipo chini ya mteremko. Ndoo zipo nne.

Dona Zulmira akaandika kitu kwenye fomu, akaikunja. "Nimekuingiza kama mjukuu. Mdogo kuliko wote. Kwetu wadogo ndio wanaochota maji. Nenda na Odair, na ukunje suruali."

Akakunja. Nilimwona kwa macho yangu akipanda na kushuka ule mteremko, tai begani, ndoo mkononi, nyuma yake mhasibu na mlinzi wa geti. Safari ya nne aliteleza, na kijito kikaondoka na kiatu chake cha kushoto. "Usimwage, mjukuu!" Odair akampigia kelele. "Utachapwa!" Behewa la tatu likacheka. Nilitazama saa kwa mazoea ya kazi: dakika kumi na moja.

Moto uliposhika tena na treni kuanza kukoroma, Dona Zulmira alifungua sufuria. Kulikuwa na kuku watatu, farofa ya kulisha jeshi, sukuma iliyokatwa nyembamba na maharage kwenye chombo cha pembeni. Mtu wa kwanza kupakuliwa hakuwa mkaguzi. Dona Zulmira alipakua sahani iliyojaa, akampa Odair, naye akaipeleka mbele kwenye injini kwa dereva, kama alivyoipeleka tangu alipokuwa na miaka sita. Alikaa huko muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Nami nikathibitisha kwamba moshi wa treni ile ni mkali.

Wakakaa wote pamoja, familia zangu mbili na salio lake, wakipeana vijiko na kunyang'anyana mapaja ya kuku. Doutor alipewa shingo, kama mdogo wa nyumba. Aliila yote. Kisha akanyoosha sahani.

"Naomba farofa zaidi."

"Naomba nani?"

"Naomba, bibi."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari langu. "Na huyu mpuuzi?" Odair akauliza.  Dona Zulmira alisogea kidogo kwenye benchi, akapigapiga pale palipobaki wazi. Nilikaa. Kwa miaka tisa nilikuwa nakula chakula cha mchana peke yangu juu ya meza ya ofisi, kwa hiyo nilihitaji muda kukumbuka jinsi ya kula huku watu wananiongelesha.

Tulifika Vila Garça saa kumi na moja. Doutor Evanildo alihutubia wananchi kwa mguu mmoja wenye kiatu, akaita safari ile mafanikio, akarudi nyumbani kufunga masanduku ya kuhamia mji mkuu.

Mnamo Novemba ikaja barua ya Baraza. Dona Hermínia alikuwa ameandika kurasa arobaini, na Baraza lilizikubali zote. Kilichoingizwa kwenye Daftari la Urithi ni mlo wa Jumapili ya pili ya Agosti, behewa la tatu, *kama ulivyokutwa*. Kwa sheria ya jimbo, kitu kilichoandikwa humo hakibadilishwi, hakipunguzwi, wala hakiondolewi sehemu yake yoyote. Kulikuwa na orodha ya sehemu. Dona Zulmira, mpakuaji. Odair na watoto wake, ambao popote watakapohamia, mwajiri atawaachia waje kila Agosti, kwa amri. Astolfo Quintela, mtu aliyesogezewa nafasi.

Na mstari wa mwisho: Evanildo Prates, mjukuu, mchota maji.

Alikata rufaa kwa gavana. Ofisi ya gavana ikamjibu kwamba inampongeza sana, na kwamba cheo chake cha mji mkuu kimefutwa, kwani mali ya urithi hairuhusiwi kutolewa nje ya manispaa.

Agosti hii treni ilisimama tena kwenye mwinuko ule, safari hii kwa ratiba. Tangi lilikuwa limejaa mpaka juu. Haikusaidia kitu, Dona Hermínia alikuwepo na orodha yake, na watalii walikuwa wamejipanga na simu zao. Doutor Evanildo alinivuta pembeni, ndoo mkononi.

"Astolfo, wewe unazijua sheria. Kitu kikishakuwa urithi, kinatokaje?"

Nilikuwa nimeshaipekua sheria nzima, kwa ajili yake.

"Njia ni moja tu, Doutor. Kiporomoke chenyewe kwa uchakavu."

Alinitazama kwa matumaini.

"Ila Baraza limeshaliona hilo," nikaendelea. "Limetenga fungu la ukarabati. Daktari wa magoti anakuja Jumanne."