Friza, Kioo Cheusi na Mtani Wangu Kibwana

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku ya kihistoria! Nimeanza kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanyika kwenye fremu hii ya duka, na pengine Morogoro Mjini nzima. Mama mkubwa Modesta, dada yake mama na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Mlali, anataka mashine ya kuongoza chumba cha baridi cha karoti na stroberi. Jumamosi wanakikundi watachagua: mashine yangu au ya Kibwana. Mama mkubwa amesema wazi kwamba fremu ni yake, nikishindwa ataifunga, nami nitapanda mlimani kulima kabichi. Jembe ameshanunua. Amenionyesha mpini!

Kibwana ni fundi wa hapa ubavuni. Pia ni mtani wangu. Ukoo wake na wetu zinataniana tangu enzi za mababu. Anaweza kula chakula changu mbele yangu, nami nikinuna nitaonekana sikulelewa. Leo amechukua stuli yangu. Nikacheka.

Yeye ataleta swichi ya joto aliyoing'oa kwenye friji bovu. Swichi! Mimi naenda kisayansi. Ndani ya kompyuta, chini kabisa, nimeweka kiini kidogo, programu inayosimamia nyingine zote. Huyo ndiye mwenye nyumba. Juu yake nimeweka mfumo wa Linux. Huyo ni mpangaji. Mpangaji anasoma joto na kuwasha kompresa, ile mota ya baridi. Akizimia, mwenye nyumba anamwamsha. Kwa majaribio nimeiunganisha mashine na friza kuukuu ya hapa dukani.

Maelekezo nimenakili kwa Mjerumani mmoja wa mtandaoni. Kuna mstari unaosema maneno yote ya mpangaji yapelekwe kwenye tundu la nyuma la kompyuta, si kwenye kioo. Sikuuelewa vizuri, ila ulikuwa na sura ya kitaalamu. Nikauacha.

Nikawasha. Mwenye nyumba akaandika mistari yake kwa madaha. Kisha kioo kikawa cheusi. Tii! Mpangaji hajaamka.

Halafu friza ikaanza kunguruma yenyewe. Mpangaji amelala, kwa hiyo si yeye. Nani basi? Waya wa soketi ile unapitia ukutani kwa Kibwana. Nikamjua mara moja. Utani huo! Kuuliza siwezi, maana ukimuuliza mtani umeshashindwa. Nikachomoa friza na kucheka kwa sauti ili asikie.

Jumanne, 10 Juni

Nimempa mpangaji memori zaidi. Mtu hawezi kuamka akiwa amebanwa. Nikawasha. Kioo cheusi. Friza ikanguruma.

Kibwana hachoki! Nikachomoa. Nikaingia kwake, nikachukua redio yake katikati ya mpira, nikatoka nayo. Alicheka, lakini macho yalimtoka. Kuuliza naye hawezi. Nilisikiliza kipindi cha pili kwa raha sana.

Jumatano, 11 Juni

Nimeandika kwenye jukwaa la wataalamu duniani. Mmoja akajibu akiuliza kama nina uhakika mpangaji hajaamka, na natazama maneno yake wapi. Wapi! Kwenye kioo, kwani watu hutazama kwenye sufuria? Nikamjibu kwamba mimi nimeanza kazi hii zamani. Sikusema zamani gani.

Nikaijenga Linux upya, kuanzia mwanzo. Kompyuta ilipata moto mpaka Filomena, anayeuza chai mlangoni, akaja kupanga chapati zake juu zisipoe. Nikamruhusu. Sayansi lazima iwafae wananchi.

Nikawasha. Cheusi. Friza, ngurumo. Nikachomoa. Nikachukua viatu vya Kibwana alivyovianika nje. Alikwenda benki na kandambili za Filomena, za rangi ya waridi. Ushindi!

Alhamisi, 12 Juni

Nimebadilisha diski. Nimebadilisha nyaya. Nimehamisha meza nzima isitazamane na ukuta wa Kibwana. Cheusi, ngurumo, nikachomoa. Kibwana alikuja akala wali wangu, maharage yangu na ndizi yangu. Akaniuliza kwa upole kama nina tatizo lolote nyumbani. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ndani nilikuwa nalia.

Ijumaa, 13 Juni

Leo niliketi mlangoni nikaitazama milima. Mawingu yamekaa juu ya Uluguru, na chini ya mawingu kuna kabichi zinazonisubiri kwa jina. Roho iliniuma. Siogopi kazi, naogopa kupita kwenye njia za kule na jembe begani huku watu wakiulizana kama huyo si yule wa kompyuta.

Kisha akili ikafunguka. Shibe! Mpangaji amepewa memori nyingi, amevimbiwa, amelala. Nikampunguzia mpaka nusu. Safari hii niliichomoa friza mapema. Nikawasha. Kioo kilikuwa cheusi, lakini weusi wake ulikuwa tofauti, wenye matumaini. Na friza kimya! Kibwana amekwama. Nimefunga mzigo kwa safari ya Mlali.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika polepole nisiruke hata kitu kimoja.

Tulifika Mlali asubuhi, mimi na Kibwana. Nikamwamkia Mama mkubwa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuachia jembe. Amekuja nalo! Akina mama wa kikundi walikuwa wamekaa kwenye makreti. Kibwana akaanza. Akafunga kiswichi chake, akabonyeza kitufe, kompresa ikanguruma, baridi ikatoka. Dakika chache tu. Akapigiwa makofi, akaizima, akaketi mbali, sahani ya viazi mapajani.

Zamu yangu. Nikaunganisha, nikawasha. Mwenye nyumba akaandika mistari yake. Kioo kikawa cheusi.

Nikaanza hotuba. Nilieleza historia ya baridi. Nilimsifu Mama mkubwa. Nilizisifu stroberi. Jasho lilikuwa linanitiririka mbele ya mlango wa chumba cha baridi. Mama mkubwa akasimama, akasema hotuba ni nzuri sana na nitaimalizia shambani. Akaninyooshea mpini.

Kompresa ikanguruma!

Niligeuka kwa Kibwana, meno tayari kwa kucheka. Yuko palepale mbali, mkono mmoja una kiazi, mwingine sahani. Hakugusa kitu. Akina mama wameona. Mimi nimeona. Basi ni mpangaji! Ameamka! Nusu memori, jamani! Nikapaza sauti kwamba kama nilivyokuwa nikieleza, mashine huanza yenyewe, haimsubiri mtu.

Kibwana hakuvumilia. Kwa haki ya mtani akainuka, akachomoa waya mkuu wa umeme, kila kitu kikazima. Akina mama wakaguna. Akachomeka tena, akasema haya, tuone. Kioo kikaandika, kikawa cheusi. Tukasubiri. Mimi nikasali. Kompresa ikanguruma tena, bila mkono wa mtu!

Ndipo Mama mkubwa akaamuru ya Kibwana nayo ifungwe tena, iwashwe, kisha umeme uchomolewe na kurudishwa. Ikakaa kimya. Inataka mtu aje abonyeze kitufe. Mama mkubwa akasema umeme wa Mlali unajulikana tabia yake, na hakuna wa kulala na karoti ili abonyeze kitufe. Wakanyoosha mikono. Yangu! Vigelegele! Mama mmoja akaniuliza kwa nini kioo ni cheusi. Nikasema ni kwa ajili ya wezi. Wakatikisa vichwa kwa heshima.

Jembe alipewa Kibwana, kwa utani. Nimefurahi kuliko siku ya kipaimara.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa watu watatu wamenisalimia kwa jina la Injinia. Mmoja simjui kabisa.

Kibwana alikuja kurudisha stuli na kudai redio. Akasema jana, nilipokuwa nikila kuku, alichomeka kompyuta yake kwenye tundu la nyuma la mashine yangu, na maneno ya mpangaji yalikuwa yanatiririka humo yote, safi, tangu kuamka mpaka kuwasha kompresa. Akasema kuna mstari unaoyapeleka huko. Akasema hata memori haihusiki, mpangaji alikuwa anaamka tangu Jumatatu, na friza ya dukani alikuwa anaiwasha mpangaji huyohuyo, nami ndiye niliyekuwa nikiichomoa.

Nilicheka mpaka machozi. Huyu ni mtani wa kweli! Ameshindwa mbele ya kijiji na bado ana nguvu ya kutunga hadithi ndefu namna hiyo. Alisisitiza kwa uso mkavu kabisa. Nikamsifu kwa kipaji. Redio nikamrudishia, maana mshindi hana kinyongo.

Jumatatu, 16 Juni

Mama mkubwa ameagiza mashine ya pili, ya ghala la Kilakala. Nimechukua maelekezo yaleyale ya Mjerumani, pamoja na ule mstari wa kitaalamu. Memori nusu, kama ilivyothibitishwa Mlali. Friza nimeichomeka kwa majaribio. Nikawasha.

Kioo cheusi. Mpangaji hajaamka. Hakuna shida, nitampunguzia mpaka robo.

Halafu friza ikanguruma. Kibwana huyu! Hata siku mbili hazijapita! Nikachomoa, nikacheka kwa sauti, nikaenda kuchukua redio.