Shikamoo Kabla ya Filimbi

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimefunga goli. Limekataliwa. Naandika kwa hasira, mwandiko mbaya si kosa langu.

Robo fainali ya ndondo, kombe letu la mtaani, hapa hapa Tongoni. Timu imeshinda, lakini hiyo si hoja. Hoja ni Idarusi, nahodha wetu na mpigaji wa faulo zote. Akipewa faulo utadhani anapamba bibi harusi. Anaufuta mpira kwa jezi. Anauzungusha. Anamwomba refa ukuta urudi hatua zake. Anarudi nyuma hatua saba. Kisha anaupeleka kwenye shamba la mihogo.

Leo nilichoka. Mpira umetulia chini, kipa wao bado yuko nguzoni anapanga ukuta, nikaupiga. Nyavuni! Nikakimbia mpaka kwenye kibendera, nikavua jezi, nikaizungusha. Kugeuka, niko peke yangu.

Refa wetu ni Mwatum, mwalimu wa michezo wa shule ya msingi. Binti mdogo, sheria zote anazo kichwani. Akanieleza kwa upole unaoudhi kwamba Idarusi alikwisha kuomba hatua. Timu ikiomba hatua, lazima wote wasubiri filimbi. Isipoomba, ruhusa kupiga haraka, mradi mpira umetulia. Goli hakuna. Kadi ya njano ipo, kwa kuvua jezi.

Faulo ikarudiwa. Akapiga Idarusi. Mihogo!

Tukagombana mpaka Kocha Zabron akakata shauri: atakayefunga kwa faulo kwenye nusu fainali, ndiye atakayevaa kitambaa cha unahodha fainali na kupiga faulo zote. Mimi nina miaka thelathini na minane. Kumi na tisa nimeichezea timu hii. Kitambaa hicho nimekishika mara moja tu, nilipopewa nikakifue. Mwaka huu nisipokivaa, basi tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Ewe Nasri, una akili wewe!

Asubuhi niko kwenye kibanda changu cha kutengeneza pikipiki. Anapita Mzee Sheha na baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika trei ya mayai nyuma. Kwa adabu zangu nikamwamkia. Shikamoo! Mzee akageuka, akainua mkono wa usukani, akaitikia marahaba ndefu, akauliza na watoto. Akaingia mtaroni na baiskeli yake.

Nilimsaidia kutoka. Lakini kichwa changu kilikuwa uwanjani.

Hakuna mzee wa pwani hii atakayeacha shikamoo ya mtu ikae bila kuitikiwa. Hata kama anaanguka! Na kipa wa Mwera, tunaocheza nao Jumapili, ni nani? Mwalimu Mselem. Ana miaka hamsini na moja, na ndiye aliyenifundisha alifu na bee madrasa.

Sijamwambia mtu. Samiha mke wangu kaniuliza nacheka nini na spana mkononi.

Jumapili, 10 Agosti

USHINDI!

Dakika ya sitini, bila bila, faulo yetu nje kidogo ya boksi. Idarusi yuko mbali, anakuja kwa mwendo wake wa bibi harusi. Sikumngoja. Nikautuliza mpira. Mwalimu Mselem kakumbatia nguzo, anapanga ukuta. Nikaita kwa sauti ya kitoto kabisa: Shikamoo mwalimu!

Akaiachia nguzo. Akainua mkono. Akaitikia marahaba mwanangu, hujambo, mama hajam...

Goli!

Mwera wakamzonga Mwatum. Wakasema ni utapeli, ni kumkosea mzee heshima. Mwatum akafikiri sana. Akasema mpira ulitulia, hatua hazikuombwa, na yeye hajaona popote kwenye sheria kwamba kumwamkia mtu ni kosa. Akanyoosha mkono katikati ya uwanja. Binti ana akili sana yule, nimesema siku zote.

Moja bila mpaka mwisho. Kitambaa changu! Mwalimu Mselem alinipa mkono, akamalizia kuuliza kama mama hajambo. Nikamjibu hajambo. Aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Jumatatu, 11 Agosti

Mimi ni mtu maarufu. Watoto mtaani wanaamkiana halafu wanapigana mipira ya makaratasi.

Tatizo dogo. Wazee hawaniitikii vizuri. Nikisema shikamoo wanaangalia kwanza miguu yangu. Mzee Sheha alishuka kwenye baiskeli, akaiegemeza ukutani, akaweka mayai chini, ndipo akasema marahaba. Samiha kaniuliza kama siku ile nilipomwamkia baba yake kumposa nayo ilikuwa faulo ya haraka. Wivu huo.

Ijumaa, 15 Agosti

Balaa. Fainali ni na Moa. Baada ya swala nikapata habari za kipa wao. Anaitwa Abass. Ana miaka ishirini!

Ishirini! Yeye ndiye anayetakiwa kuniamkia mimi. Nitamwamkiaje mtoto? Atacheka, na akicheka bado macho yako kwenye mpira.

Nikafikiri mpaka chai ikapoa. Ufumbuzi: ndevu. Nimenyoa zote. Samiha anasema sasa naonekana mzee yule yule, ila kama yai lililomenywa. Hajui mpira.

Jumapili, 17 Agosti

MABINGWA!

Niandike kwa utaratibu, maana watu wameanza kupotosha.

Kitambaa mkononi. Bila bila. Dakika ya themanini na tano, Abass kautoa mpira akaupiga katikati, beki wao akaupoteza, akamwangusha Idarusi karibu na boksi lao. Faulo! Nikaenda mbio, nikauweka mpira chini, nikavuta pumzi niamkie.

Wakaniwahi.

Kumbe habari zangu zilifika Moa kabla yangu. Beki wao akasema shikamoo kaka Nasri. Nikasema marahaba. Winga wao naye shikamoo. Marahaba. Mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, mikono kifuani, timu nzima! Ningefanyaje? Nami ni mtu mzima, nimelelewa. Nikaitikia wote. Wa mwisho Abass, kijana mwenye malezi bora kuliko wote, akatoka golini kabisa aje anipe mkono, sauti isije ikanipita. Mwatum akanionya kwamba marahaba moja zaidi na nitakula kadi ya kuchelewesha mchezo.

Nikiwa nimeushika mkono wa Abass, nikasikia puu.

Idarusi. Hakufuta. Hakuzungusha. Hakuomba hatua. Mpira ukabingirika taratibu kwenye goli lisilo na mtu.

Moa wakalalamika kwa Mwatum. Mpira umetulia, hatua hazikuombwa, kadi hajaanza kuitoa, na kuamkia si kosa, aliwaambia, hilo liliamuliwa Jumapili iliyopita. Goli!

Wamembeba Idarusi. Kocha kanivua kitambaa akamvisha. Idarusi anasema eti alichoka tu kusubiri salamu ziishe. Roho ikose kuniuma? Imeniuma. Lakini tuulizane: nani aliwashika Moa wote kumi na mmoja kwa wakati mmoja? Nani? Idarusi kasukuma mpira tu.

Jumatatu, 18 Agosti

Samiha kanituma mayai ya kupikia mabingwa chakula. Trei nzima. Narudi nayo, nimeishika kwa mikono miwili, taratibu. Namwona Mwalimu Mselem anakuja toka upande wa Pangani. Nikaapa moyoni simwamkii. Nikakaza macho kwenye trei.

Akanipa yeye salamu. Assalamu alaykum Nasri.

Mkono wangu wa kulia ukainuka wenyewe. Wa alaykumu salaam, mwalimu! Mayai thelathini. Mwalimu akayaangalia chini, akasema polepole kwamba mpira ulikuwa umetulia. Akaendelea na safari yake.

Nimesimama pale dakika tatu na utelezi wa mayai viatuni. Halafu nikapiga kelele ya furaha mpaka watu wakatoka nje.

Salaam! Mbona sikuifikiria? Shikamoo inachagua umri, salaam haichagui. Mdogo, mkubwa, kipa wa miaka ishirini, wote lazima waitikie! Nimemwambia Samiha kitambaa cha mwakani ni changu. Nimemwomba aniongoze mazoezi jioni: mimi nitoe salaam, yeye aitikie, nipige.

Amekubali. Amesema lakini tutatumia mpira, si mayai.