Seva Isiyo na Kosa

Jumatatu, 3 Machi

Mkaguzi wa makao makuu ametua. Suti ya kijivu, hacheki. Amesema mbele ya wote kwamba maktaba ya logi kwenye seva yangu imepitwa na wakati. Yaani kile kipande cha programu kinachoandika kila kitu seva inachofanya, hata ikipiga chafya. Eti ina tundu, mwizi anaweza kupenya na kubeba taarifa za dawa zote tunazosambaza. Niibadilishe kabla ya Ijumaa, la sivyo atatafutwa mtu mwingine wa seva.

Mzee wa Nyaya, anayesimamia mtandao, akatikisa kichwa kwa huruma ya uongo. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mtandao wake ni safi na mfumo ukikwama chanzo ni seva. Kila siku wimbo huohuo. Ipo siku nitamwonyesha.

Nyumba tunayoishi ni ya kampuni. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka, na tutahamia kwa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye salamu yake kwangu ni kuuliza kama bado nina kazi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kwa uaminifu. Nimetoa maktaba ya zamani, nimeweka mpya. Seva ikagoma kuwaka. Ng'o! Malori yakapanga foleni getini bila hati za mizigo, madereva wakapiga honi, mkurugenzi akachungulia dirishani. Nikarudisha ya zamani mbio mbio. Hapo ndipo nilipoachana na uaminifu.

Kisha akili ikanijia. Programu ya mkaguzi inasoma jina la faili tu, haifungui ndani. Nikaipa maktaba kongwe jina la mpya. Programu ikawasha kijani! Imepita!

Likabaki moja. Kongwe huyu ana domo. Kila mtandao unapokatika yeye anaandika hitilafu, na kila asubuhi hesabu ya hitilafu inafika mezani kwa mkurugenzi ikiwa na jina langu juu. Nikamziba mdomo. Mstari mmoja tu kwenye mipangilio, kimya kabisa. Mbona sikufikiria hili zamani?

Nimemsimulia mke wangu. Amesema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimemjibu kwamba seva haifi. Ameendelea kukunja nguo.

Jumatano, 5 Machi

Hitilafu: sifuri! Mkurugenzi ameitangaza kikaoni na kuomba nipigiwe makofi. Amemwambia Mzee wa Nyaya ajifunze kwangu. Nikainamisha kichwa, nikasema ni kazi ya kawaida tu. Mzee wa Nyaya alipiga makofi mawili, ya kulazimishwa. Raha iliyoje!

Adhuhuri umeme ukakatika, jenereta ikagoma, wote tukatoka nje. Nafasi hiyo! Nikamfuata mkurugenzi kivulini na kumdokeza kuhusu cheo cha mkuu wa kitengo. Amesema atafikiria. Nimeshaanza kuwaza mapazia ya ofisi.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba. Asubuhi mfumo mzima umesimama. Na safari hii si mimi! Nimemwona kwa macho yangu Mzee wa Nyaya kwenye chumba cha mitambo, kabati wazi, waya mkononi, jasho linamtiririka. Aliponiona akasema seva yangu imeanguka. Nikamuuliza waya huo ni wa nani. Tukafokeana mpaka mkurugenzi akaja.

Mkurugenzi ni mtu wa haki. Akasema kila mmoja alete logi zake, mashine haina ndugu. Mzee wa Nyaya akaleta za mtandao, kurasa alizochagua mwenyewe, naapa. Nikaenda kufungua zangu. Tupu. Tangu juzi hakuna hata neno moja. Mara ya kwanza tangu niajiriwe sina kosa lolote, na shahidi wangu nimemziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe! Nilikaa chini sakafuni.

Nikaomba wanipe muda kidogo. Nikajifungia, nikatunga logi za tangu juzi. Saa baada ya saa: seva inafanya kazi vizuri, seva inafanya kazi vizuri, mtandao umekatika. Nilipamba kweli, hata nikapachika vihitilafu viwili vitatu ili ziaminike. Mkurugenzi akasoma polepole. Kisha akaniuliza seva ilifanyaje kazi vizuri jana adhuhuri, wakati umeme haukuwepo na mimi nilikuwa naye nje nikiomba cheo.

Mkaguzi akavuta kiti, akafungua lile faili lenye jina jipya, akatazama ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefukuzwa. Nyumba tuiache kesho.

Mke wangu anafunga vikombe kwa magazeti. Angenigombeza ningepata pa kujitetea. Binti yangu ameuliza kama atabadilisha shule. Nimemwambia tunakwenda likizo kwa mjomba. Amenitazama vilevile anavyonitazama mama yake, na ruhusa ya kutazama hivyo sijui nani kampa.

Mzee wa Nyaya alinisindikiza hadi getini, akiwa amenibebea boksi. Pale akaninong'oneza kwamba kosa lilikuwa lake, alichomoa waya asioujua. Akasema ningekuwa na logi za Alhamisi ningemmaliza. Kisha akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Nimelia njiani. Kwa hasira na kwa huzuni, vyote pamoja.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa shemeji. Tunalala sebuleni sote, watoto kwenye makochi. Ameacha kuniuliza kama nina kazi. Ni vibaya zaidi.

Leo hata hivyo nyota yangu imewaka. Gari lake lina taa nyekundu ya breki, na linalia piii kila akiendesha. Fundi wa gereji anataka aliache kwake siku kadhaa, shemeji hataki. Akasema kwa kejeli kwamba labda mtu wa kompyuta anajua. Nikaingia chini ya usukani. Waya mmoja tu, nikaukata. Taa imezimika, mlio kwisha!

Shemeji amenipigapiga begani, ameniita fundi mbele ya watu. Mke wangu ameuliza kama breki zimepona. Nimemwambia atazame mwenyewe, hakuna taa. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu tuhame.

Kesho shemeji anatupeleka wote kwa mama mkwe, ng'ambo ya mlima. Mke wangu na watoto watakaa nyuma. Mimi nimepewa kiti cha mbele.